Jinsi ya Kupika Mlo wa Makrobiotiki, na Mahali pa Kuishia

Upishi wa makrobiotiki ulizaliwa Japani, na aliyeusambaza kwa jina hilo katika karne ya 20 ni George Ohsawa (1893–1966), ambaye jina lake la ukoo kwao lilikuwa Sakurazawa. Yeye naye aliyapokea mafundisho ya Sagen Ishizuka, daktari wa jeshi aliyeamini kwamba afya ya mtu hutegemea uwiano wa sodiamu na potasiamu katika chakula. Ohsawa aliuita uwiano huo kwa majina ya kale ya yin na yang, yaani nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana katika falsafa ya Kichina, na mwanafunzi wake Michio Kushi, aliyehamia Marekani mwaka 1949, akaueneza upishi huo kutoka mji wa Boston. Nitaeleza namna ya kupika mlo mmoja kamili wa aina hii, kisha nitaeleza unavyouathiri mwili. Msimamo wangu nautaja mapema: chungu chake ni chema kwa mtu mzima mwenye afya, lakini tiba inayonadiwa pamoja nacho haina ushahidi.

Kwa mujibu wa mafundisho ya Kushi, nafaka zisizokobolewa huchukua nusu ya chakula cha siku au zaidi kidogo, mboga huchukua karibu robo, na sehemu inayobaki hugawanywa kati ya supu, jamii ya kunde na mwani. Samaki mweupe huruhusiwa mara chache kwa wiki, ilhali nyama, mayai, maziwa na sukari huepukwa. Nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili pia hukataliwa, kwa hoja kwamba jamii ya mnavu huvuruga uwiano wa mwili. Hoja hiyo haijathibitishwa, na mpishi aliyezoea kuanza kila mchuzi kwa nyanya anaweza kuipuuza bila hofu. Kanuni ninayoiona ya busara zaidi ni ile ya kula kinachoota katika hali ya hewa unamoishi. Kwa kanuni hiyo Mjapani wa kaskazini huambiwa aache maembe na mananasi, lakini mkazi wa Tanga au Mombasa hana sababu ya kuyaacha, na ulezi, mtama na dona vina haki sawa na mchele mezani pake.

Anza na wali, kwa kuwa ndio moyo wa mlo. Nunua mchele usiokobolewa kwa kiasi kidogo kidogo, kwa sababu ganda lake la ndani lina mafuta yanayochacha haraka katika joto. Ukiunusa ukasikia harufu ya mafuta ya zamani, usiupike. Chambua vikombe viwili, osha, kisha loweka kwa saa sita hadi nane. Kuloweka hulainisha punje na hupunguza kiasi fulani cha asidi ya fitiki, ambayo huzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma na zinki. Mwaga maji ya kulowekea, weka mchele katika sufuria ya presha pamoja na vikombe viwili na nusu vya maji safi na chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili, ufunge na uweke kwenye moto mkali. Presha ikishapanda, punguza moto hadi chini kabisa, uache kwa dakika 45, kisha epua na usubiri presha ishuke yenyewe kwa dakika kumi hivi kabla ya kufungua. Asiye na sufuria ya presha atumie sufuria nzito, vikombe vinne vya maji, moto mdogo kwa muda wa saa moja, na mwishoni apalie makaa machache juu ya kifuniko kama wapishi wa pwani wanavyofanya. Usiukoroge wakati unaiva, maana ukifanya hivyo utapata bokoboko.

Mchele usiokobolewa hubeba aseniki, madini yenye sumu, nyingi kuliko mchele mweupe, kwa kuwa madini hayo hujikusanya katika ganda hilohilo la ndani ambalo mchele mweupe huondolewa. Anayeula kila siku apike mara nyingine kwa maji mengi na kuyamwaga, kama tambi zinavyopikwa, au abadilishe nafaka. Ulezi na mtama havina tatizo hilo kwa kiwango cha mchele, na ndiyo maana mimi hupika wali huu mara mbili tu kwa wiki.

Upande wa kunde, Wajapani hutumia azuki, ambayo ni ndugu wa karibu wa choroko na kunde zetu, tumia ulichonacho. Loweka kikombe kimoja cha kunde usiku kucha na umwage maji. Ukipata kombu, yaani mwani mpana wa Japani uliokaushwa, weka kipande cha urefu wa kidole chini ya sufuria. Kombu ndiyo inayoupa mchuzi utamu wake mzito na kusaidia kunde kulainika. Weka kunde juu yake, mimina maji yapite juu kwa vidole viwili, chemsha bila kifuniko kwa dakika kumi huku ukiengua povu, kisha funika na uache zichemke taratibu hadi zikaribie kuiva. Hapo ongeza vipande vikubwa vya boga, na boga likilainika tia chumvi au sosi ya soya kidogo, uache kwa dakika kumi zaidi. Usidhani kwamba mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, utachukua nafasi ya kombu: ule ni wa aina nyingine kabisa, na zao lake kubwa huuzwa nje kwa ajili ya kiungo cha viwandani cha kugandishia vyakula.

Supu ni kazi ya dakika kumi na tano. Chemsha kitunguu na karoti zilizokatwa nyembamba pamoja na mboga ya majani, epua, kisha koroga kijiko kidogo cha miso kwa kila kikombe cha maji. Miso ni soya iliyopikwa, ikapondwa na kuchachushwa kwa chumvi na kuvu iitwayo koji. Ikichemshwa hupoteza harufu yake nzuri, kosa ambalo nimelifanya zaidi ya mara moja. Pasipo miso, supu ibaki ya mboga tu.

Kitoweleo cha mwisho ni gomasio: kaanga ufuta vijiko vikubwa 16 bila mafuta hadi uanze kurukaruka, kaanga chumvi kijiko kikubwa kimoja, kisha utwange vyote polepole katika kinu hadi nusu ya punje zivunjike. Nyunyiza kijiko kidogo juu ya wali.

Sasa kuhusu mwili. Uchunguzi uliofanywa na Frank Sacks na wenzake katika miaka ya 1970 miongoni mwa wafuasi wa makrobiotiki wa Boston ulionyesha kwamba walikuwa na shinikizo la damu na lehemu vya chini kuliko watu wengine, na hilo halishangazi, kwani walikula nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache ya wanyama. Faida hizo, hata hivyo, zinatokana na nafaka, kunde na mboga, si na yin na yang. Wakati huohuo miso, sosi ya soya na gomasio huleta chumvi nyingi, na mwenye shinikizo la damu asipozipima atapoteza kwa mkono mmoja alichopata kwa mwingine.

Hatari huanza pale mlo unapobanwa. Ohsawa alipanga hatua kumi za mlo, akizihesabu kuanzia hasi 3, na ya juu kabisa, aliyoiita namba 7, ilikuwa nafaka tupu. Katika miaka ya 1960 baadhi ya walioishika nchini Marekani walipata kiseyeye, na wengine walifariki. Mwaka 1971 baraza la chakula na lishe la chama cha madaktari wa nchi hiyo lilitoa onyo rasmi. Kuhusu saratani, hakuna jaribio la kitabibu lililoonyesha kwamba mlo huu unaiponya. Kushi na mkewe Aveline wote walifariki kwa ugonjwa huo, jambo ambalo peke yake halithibitishi chochote, lakini linatosha kumfanya mgonjwa asiache matibabu ya hospitali.

Watoto wadogo wasilishwe mlo huu ulivyo. Watafiti wa Uholanzi waliowafuatilia watoto wa familia za makrobiotiki katika miaka ya 1980 walikuta ukuaji uliodumaa, matege na upungufu wa vitamini B12. Familia zilizoongeza samaki wa mafuta na maziwa ziliona watoto wao wakikua vizuri zaidi. Mwani hauwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya B12 inayopimwa ndani yake haitumiki mwilini. Mjamzito, anayenyonyesha na mtu mzima yeyote, wasipokula samaki, mayai wala maziwa, wanahitaji vidonge vya B12. Mwenye ugonjwa wa figo aonane kwanza na daktari, na vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, kwa sababu kombu ina madini joto mengi mno. Mwani mweusi uitwao hijiki usinunuliwe kabisa, kutokana na aseniki yake.

Wali ukibaki, upoze upesi na uweke kwenye jokofu ndani ya saa moja au mbili. Asubuhi uchemshe kwa maji mara tatu ya kiasi chake hadi uwe uji, na ukiupikia mtoto, uvunjie yai ndani yake.