Kuseti muda wa kuingia na kutoka kwenye alamu ya DSC PowerSeries

Kama una paneli ya PC1616, 1832 au 1864 na ving'ora vinalia kabla hujafika kwenye kipadi (kibao cha kubonyezea namba), mara nyingi shida ni muda tu. Hakikisha alamu imezimwa, maana ikiwa imewashwa haitakuruhusu kuingia kwenye mipangilio, halafu bonyeza *8 na namba ya fundi, kiwandani huwa ni 5555 ila fundi wako anaweza kuwa ameibadilisha so muulize yeye. Ingia 005 kisha 01, utaandika namba tatu, kila moja ya tarakimu tatu: ya kwanza muda wa kuingia, ya pili muda wa kuingia kwa mlango mwingine, ya tatu muda wa kutoka, na zote ni sekunde. Inakuja na 030, 045 na 120. Mi naona 120 ni ndefu mno labda uwe na geti la kufunga kwanza. Ukimaliza bonyeza # mpaka utoke.

Namba ya mwenye nyumba ikiwa bado 1234 badilisha leo leo: *5, namba hiyohiyo, 40, halafu mpya. Usiku ukilala shikilia kitufe cha Stay, sensa za ndani zitarukwa, milango inabaki inalindwa.