Kompyuta inazimazima? Ijue sehemu mbovu kabla hujanunua kipya

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Mtwara mjini kwa ugonjwa wa kuzimazima huwa zimeshapita mikono miwili mitatu. Windows imepigwa upya, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imenunuliwa, pengine na diski, na bado inazima. Kinachoniuma ni pesa ya watu kutoka kabla hata mtu mmoja hajajua ubovu uko wapi. Huu hapa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, na nyumbani unaweza kuufanya sehemu kubwa.

Tafuta bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, raba nyeupe ya shule, flashi moja, multimita kama utapata ya kuazima, na daftari. Halafu kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kompyuta inayokufa leo mara nne, kesho inaweza isiwake kabisa.

Hatua ya 1: Ijue inavyokufa

Kwa siku mbili tatu andika kila inapozima: saa ngapi, ilikuwa inafanya nini, feni ilikuwa inavuma au imetulia, na nini kingine kiliwaka ndani ya nyumba. Mtu akiniambia "huwa inazima friji ikianza kunguruma", nusu ya kazi ameshanifanyia.

Ikiingia giza ghafla kama mtu kachomoa waya, anza kushuku umeme, pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) au joto. Ikileta skrini ya bluu, piga picha ule msimbo kwa simu, na RAM iwe ya kwanza kupimwa. Ikiganda huku taa ya diski haizimi, elekea kwenye diski. Hizi ni dalili tu, usizifanye hukumu.

Kisha iulize kompyuta yenyewe. Kwenye sehemu ya kutafutia andika eventvwr, ingia kwenye kumbukumbu za Windows (Windows Logs), upande wa mfumo (System), utafute alama nyekundu za muda ule ule uliouandika daftarini. Ukikuta Kernel-Power 41 usishtuke. Maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Haikuambii kwa nini. Ukikuta WHEA-Logger, hapo kifaa chenyewe ndicho kinacholalamika, na unajua kupiga Windows tena hakutakusaidia.

Hatua ya 2: Umeme wa ukutani

Hatua hii ni fupi lakini wengi wanairuka. Ichomeke kompyuta peke yake kwenye soketi ya ukutani iliyobana vizuri, bila waya wa kuunganishia wenye matundu sita yaliyolegea. Itumie siku nzima hivyo. Ikitulia, kompyuta yako ni nzima. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Ukishuka sana kila friji au pampu inapowaka, nunua UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapoyumba) na uache kufungua kompyuta.

Hatua ya 3: Fungua uangalie

Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa bati la kasha kabla hujagusa kitu ndani. Washa tochi. Tumia macho kwanza, mikono baadaye.

Huku kwetu pwani ninatafuta vitu vitatu. Vumbi lililoshikana na unyevu likawa kama blanketi chini ya feni. Mjusi kafiri aliyekauka. Anapenda joto la mazabodi, lile bao kuu linalobeba vifaa vyote, na mwili wake ukilala juu ya njia mbili za umeme unaziunganisha. Cha tatu, na hiki ndicho kinachosumbua zaidi nyumba zinazotazama bahari, ni kutu ya chumvi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Shangani alikuja na kompyuta ameipakata kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii imenishinda. Windows imepigwa mara tatu, RAM nimenunua mpya, na kila nikichapa mtihani inazima."

Nilichomoa ile RAM mpya. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yameanza kupauka, na matatu ya katikati yalikuwa na unga wa kijani. Nikamulika tundu ilimokuwa imechomekwa: unga ule ule, mwingi zaidi, umeganda ukutani mwa tundu. RAM ya zamani haikuwa na kosa. Mpya nayo iliingizwa kwenye tundu lile lile bovu, ikaanza kuugua. Mwalimu alikuwa ameiweka kompyuta chini ya dirisha la upande wa bahari, miaka yote.

Dawa yake: futa meno ya RAM kwa raba, taratibu, kuelekea upande mmoja, kisha pangusa mabaki ya raba kwa kitambaa kikavu. Tundu lisafishe kwa brashi iliyoloweshwa kidogo alkoholi ya duka la dawa, liache likauke kabisa. Rudisha RAM mpaka vibanio vilie "ta".

Ukiwa hapo hapo, tazama kapasita, yale makopo madogo yaliyosimama kwenye mazabodi. Vichwa vinatakiwa viwe bapa. Kilichovimba au kutoa uji wa kahawia kimekufa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu.

Hatua ya 4: Pima RAM

Weka programu ya kupimia RAM iitwayo MemTest86 kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kujua kuna ubovu. Kama una RAM mbili, ipime moja moja, kisha ile iliyofeli ihamishie tundu lingine. Kosa likiifuata RAM, RAM ni mbovu. Kosa likibaki kwenye tundu, umeshajua usinunue nini.

Hatua ya 5: Joto

Programu ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi joto za prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ikiwa imetulia, 40 hadi 50 ni kawaida kwa joto la vyumba vyetu. Ipe kazi nzito dakika 20. Ikikimbilia 95 au 100 kisha ikazima, safisha feni na ubadilishe grisi ya prosesa: chembe kama punje ya mchele, usipake kama siagi.

Hatua ya 6: Diski

Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Kwenye safu ya Raw Values, angalia mstari wa 05 (sehemu zilizokufa zikabadilishwa na za akiba) na wa C5. Kama C5 si sifuri, diski ina sehemu inazoshindwa kuzisoma, acha kuiamini. C7, yaani makosa ya kusafirisha data, ikiwa inaongezeka, badilisha kwanza waya wa data, ambao ni wa bei ndogo mno ukilinganisha na diski.

Hatua ya 7: Pawa saplai

Kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito, pima kwa multimita kwenye plagi ya ziada ya pawa saplai: waya wa njano na mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya volti 4.75 na 5.25. Nje ya hapo ni mbovu. Ndani ya hapo, bado usiisafishe jina, kwa sababu multimita haioni umeme unaoyumba kwa kasi. Azima nyingine nzima, ifunge, utumie siku mbili. Na tafadhali sana usifungue kasha la pawa saplai. Kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha viwili, ikapona, hutajua kilichokuwa kinaumwa, na kile kizima umekitupa bure.

Ukishamaliza, usifunge kifuniko siku hiyo hiyo. Irudishe kwenye kazi iliyokuwa inaiua. Ile ya mwalimu niliiacha ikichapa mitihani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, ndipo nikampigia simu aje aichukue, na nikamwomba aihamishie ukuta wa ndani.