Kwenda Tromsø: chagua mwanga kwanza, tiketi baadaye

Mtu akiniambia anataka kwenda Tromsø, jambo la kwanza ninalomuuliza ni anafuata nini: jua au giza? Mji huu uko kaskazini kabisa mwa Norwe, kilomita 350 hivi ndani ya Duara la Aktiki, na huko tarehe ndiyo inayoamua kila kitu. Kuanzia 20 Mei hivi hadi karibu 22 Julai jua halizami. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi, ingawa mchana huwa na saa chache za mwanga wa buluu, kama alfajiri isiyokwisha. Anayezitaka taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, asiende Juni: zinaweza kuwa zinacheza juu yake na asizione, kwa sababu anga halipati giza.

Mimi nilimpeleka mama mwezi Machi, na hata leo ningechagua Machi. Theluji bado imejaa, mchana unatosha kutembea bila haraka, na usiku una giza la kutosha. Adui mkubwa ni mawingu. Pwani hiyo hufunikwa mara kwa mara, ndiyo maana waongozaji huwapakia wageni garini na kuwapeleka bara, wakati mwingine hadi karibu na mpaka wa Finland, kutafuta anga safi. Kwa hiyo nakusihi: kama fedha ni za kubana, lala hoteli ya kawaida lakini ongeza usiku. Usiku nne ni bora kuliko mbili za kifahari.

Ukishapata tarehe, hesabu kurudi nyuma. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na anayehitaji viza anaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari; mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje huo mwisho. Bima ya safari isipungue euro 30,000 za matibabu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iendelee kutumika angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen. Kama safari yako ni ya Norwe, maombi yanakwenda Norwe, hata kama ndege inatua Frankfurt au Amsterdam kwanza.

Kwenye tiketi sina mjadala: nunua safari nzima kwa tiketi moja. Ukizinunua mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, hasara ni yako. Pasipoti hukaguliwa kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mpakani umeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo nafasi ya saa tatu kati ya ndege na ndege ni ya busara. Ukipitia Oslo, muulize mhudumu wakati wa kukabidhi mizigo: je, niichukue Oslo nipite forodhani? Mara nyingi jibu ni ndiyo, hata kama lebo imeandikwa Tromsø.

Kwa safari ndefu nilimchukulia mama kiti cha kando ya njia ya ndani ya ndege ili ainuke bila kumwamsha mtu. Soksi za kubana miguu, maji, na kutembea kidogo kila baada ya muda humsaidia mtu mzima kuliko dawa ya usingizi. Dawa zake zote zilikuwa kwenye begi la mkononi, pamoja na koti zito. Pawabenki nayo hukaa humo. Hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Baridi ya Tromsø ni ya wastani kuliko watu wanavyoiogopa, maana mkondo wa bahari wenye joto huizuia bandari isigande. Kinachoangusha wageni ni barafu barabarani: theluji inayeyuka, inaganda tena, inateleza. Nunua vile vyuma vyenye meno vinavyovishwa chini ya viatu ili visiteleze siku ya kwanza kabisa, kabla ya zawadi yoyote. Nguo ya ndani iwe ya sufu. Pamba ikilowa jasho hukugandisha.

Siku ya kwanza yenye anga safi, panda Fjellheisen, gari la kamba linalofika mita 421 juu ya bahari, bila kuahirisha, kwa kuwa upepo ukizidi hulisimamisha. Liko ng'ambo ya daraja, upande uleule wa kanisa jeupe la Ishavskatedralen la mwaka 1965, hivyo vyote viwili vinaingia siku moja.

Wakati wa kurudi, usiunganishe ndege ya asubuhi ya Tromsø na ya mbali siku hiyohiyo kama tiketi ni mbili. Dhoruba huchelewesha ndege. Lala Oslo usiku mmoja.