Somo: Kuandika sheria za injini ili daraja la cc 1500 la mbio za dragi lifufuke

Wakuu, swali hili la dragi (magari mawili kukimbizana kwenye barabara fupi iliyonyooka) nimelijibu faragha hadi vidole vinauma, kwa hiyo naliweka hapa na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia uzi huu tu. Swali lenyewe: "Mkoani kwetu dragi imekufa, wenye hela wamebaki wenyewe, wengine wameuza magari. Tuanzie wapi?"

Anzeni kwenye karatasi ya sheria. Kila mstari uwe kitu mnachoweza kukipima pale pale uwanjani, kwa vifaa mlivyonavyo, washindani wakiwa wamesimama wanaangalia. Kisichopimika kifuteni. Madaraja hayafi kwa sababu magari ni ghali. Yanakufa siku mtu anapoamini jirani yake anaiba na hakuna wa kuthibitisha.

Hatua ya 1. Injini moja tu, tena iliyozagaa. 1NZ-FE ya Toyota. Imo kwenye Vitz, ist, Platz, Probox, Succeed na Fielder, na ukienda kwenye maduka ya spea ya Ilala Dar, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala hutaikosa. Ni cc 1,497. Kipenyo cha silinda mm 75.0, mwendo wa pistoni mm 84.7, mgandamizo (hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda) 10.5 kwa 1. Ziandike namba hizo kwenye sheria. Mkiongeza injini ya pili "ili kuvutia watu", msimu mzima mtabishana ipi imependelewa.

Hatua ya 2. Umbali uwe mita 201 (moja ya nane ya maili), siyo 402 (robo maili). Injini haiteswi sana, na mnabaki na barabara ya kusimamia, ambayo iwe ndefu kuliko ile ya kukimbilia.

Hatua ya 3. Uzito wa chini, gari pamoja na dereva. Sisi tuliweka kilo 1,050. Mizani nyingi za malori husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, kwa hiyo andikeni mapema kwamba hatua moja inavumiliwa.

Hatua ya 4. Ndani ya injini. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Niliandika "injini iwe ya kiwandani" nikadhani nimemaliza. Ya kiwandani ipi? Prius ya zamani ina 1NZ-FXE, kipenyo na mwendo ni vile vile, ila mgandamizo ni 13.0 kwa 1. Mtu akichukua pistoni zake akazitia kwenye FE, zote ni za kiwandani na zote ni Toyota, na wewe huna mdomo. Kwa hiyo taja aina ya injini, taja mgandamizo, kisha eleza utapimaje.

Kipimo cha kwanza ni geji ya kompresheni, inayosoma shinikizo ndani ya silinda: injini ya moto, plagi zote nje, kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi mwisho, betri imejaa. ANGALIZO: usiandike namba maalumu ya psi (kipimo cha shinikizo) kwenye sheria. Geji husoma chini kadiri unavyopanda mlima, na geji mbili hazikubaliani. Tumia geji moja, pima magari yote siku hiyo hiyo, halafu mtazame aliyechomoza peke yake. ANGALIZO la pili: kamshafti (fito inayofungua na kufunga valvu) inayochelewa kufunga valvu za kuingiza inaweza kuficha mgandamizo mkubwa, kwa hiyo geji inakupa mtuhumiwa tu, haikupi hukumu. Hukumu ni kufungua silinda hedi na kupima kwa bureti (mrija wa kupimia mililita) ujazo wa chumba cha kuwakia, pamoja na nafasi ya juu ya pistoni. Anayelalamika aweke amana ya gasketi na ufundi. Gari likikutwa safi, amana inakwenda kwa mwenye gari. Likikutwa chafu, mlalamikaji anarudishiwa yake. Tulipoweka amana, malalamiko ya midomoni yalikauka.

Ukishaikagua injini, pitisha waya wa lakiri yenye namba kwenye boliti za silinda hedi na sampo (bakuli la oili). Lakiri ikikatika bila taarifa, pointi zinafutwa. Kuchonga silinda, marufuku. Injini ikichoka, nunua mtumba nyingine. Ndiyo maana ya hatua ya 1.

Hatua ya 5. Kompyuta ya gari na throto (mlango wa hewa ya injini) ziwe za kiwandani. Eksozi baada ya manifoldi waachieni huru. Watu wanataka kelele, na kelele haishindi mbio.

Hatua ya 6. Sheria ya kununua. Aliyeshindana siku hiyo anaweza kununua injini ya mshindi kwa bei iliyoandikwa kwenye sheria, na mshindi akikataa anapoteza ushindi. Mbio za udongo za Marekani zimeitumia miaka mingi. Bei iwe juu kidogo ya injini ya mtumba pamoja na kuifunga. Hakuna atakayezika milioni kwenye kitu kinachoweza kuondoka jioni kwa bei ya dukani.

Hatua ya 7. Petroli ya kituo kimoja, tairi za kawaida za barabarani.

Hatua ya 8. Kofia ya mbio za magari, mkanda, betri iliyofungwa imara. Kibali kitoke kwa chama kinachosimamia mbio za magari nchini kwenu: AAT kwa Tanzania, KMSF kwa Kenya, FMU kwa Uganda.

Hatua ya 9. Sheria zisiguswe misimu miwili, hata mkizichukia.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu injini gani nzuri kwa kuanzia?
— Hatua ya 1.

Mdau wa Nakuru: Kaka, huku juu turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) ndiyo inatamba. Kwa nini umeikataa? Kuna Starlet kibao zenye injini ya turbo, 4E-FTE.
— Umejibu mwenyewe nusu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, na Nakuru iko kama mita 1,850. Turbo hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo, kwa hiyo ukizichanganya mnakuwa mnashindanisha pochi. Mkiwa na Starlet za kutosha zianzishieni daraja lake, na nati za turbo wekeni lakiri. Na msilinganishe muda wa Nakuru na wa Mombasa, ni hewa mbili tofauti.

Mdau wa Dar: Hizi ni sheria za Wazungu umetafsiri.
— Nionyeshe Mzungu anayeshindana na Probox.

Mdau wa Arusha: Shikamoo. Kuna jamaa karatasi zinasema gari lake ni la cc 1300, injini ya 2NZ, ila tunahisi injini kabadilisha kimya kimya kaweka 1NZ. Bila kufungua nitajuaje?
— Marahaba, swali zuri sana. 2NZ-FE ina kipenyo hicho hicho cha mm 75.0, ila mwendo wa pistoni ni mm 73.5. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ingiza kijiti cha mbao au plastiki kirefu, sentimita 30 kwenda juu, kisije kikadumbukia. Zungusha injini KWA MKONO kwa boliti ya puli ya krenki. Weka alama pistoni ikiwa juu kabisa, kisha ikiwa chini kabisa. Tofauti ya injini hizo mbili ni zaidi ya mm 11, hata rula ya mtoto wa shule itaiona. Usithubutu kugusa starta kijiti kikiwa ndani.

Mdau wa Dodoma: Kwa hiyo pistoni za Prius zinaruhusiwa au?
— Soma hatua ya 4, taratibu.

Mdau wa Kampala: Kwa nini usitumie muda uliopangwa, kama NHRA, chama cha dragi cha Marekani? Daraja la Super Gas sekunde 9.90, Super Street sekunde 10.90, anayewahi zaidi ya hapo anatoka.
— Ni njia nafuu kuliko zote, na ningekuwa na mashine za muda za kuaminika ningeifikiria. Shida ni watazamaji: wanaona aliyetangulia kufika ameshindwa, wanaanza kurusha chupa. Kwenu mkiwa na mtangazaji mzuri, jaribuni.

Mdau wa Morogoro: Tukifanyia barabara kuu saa nane usiku, kibali cha nini?
— Sitakujibu hilo.

Mdau wa Tanga: Kofia ya pikipiki inafaa?
— Hapana. Tafuta yenye alama ya SA ya Snell, shirika linalopima kofia. Kitambaa chake cha ndani kinahimili moto, ya pikipiki yenye alama ya M haikupimwa kwa hilo.