Kupima pembe ya matabaka mawili ya MoS₂ kwa leza

Ukishabandika tabaka moja la MoS₂ (disulfidi ya molibdeni, na ndiyo, ileile inayotiwa kwenye grisi nyeusi ya mafundi magari) juu ya jingine, swali la kwanza ni: yamepishana kwa nyuzi ngapi? Usiamini kingo za vipande, zinavunjika zinavyotaka. Mimi hupima kwa leza.

Tabaka moja, lenye unene wa takriban nanomita 0.65, halina kitovu cha ulinganifu, yaani nukta ambayo ukigeuza kila atomi kupitia kwayo, mpangilio unabaki uleule. Ndiyo maana mwanga wa infraredi wa nanomita 800 ukiligonga, sehemu ndogo hutoka na masafa ya mtetemo maradufu, yaani urefu wa wimbi nusu, nanomita 400. Matabaka mawili ya asili hupangana kinyume, kitovu hurudi, na mwanga huo karibu wote hufutika.

Tumia leza ya femtosekunde (yenye mapigo mafupi mno ya mwanga), nguvu ndogo kwanza, na kabla ya kipokezi weka kichujio kinachozuia 800 pamoja na polaraiza isiyozunguka, inayopitisha tu mwanga unaotetemeka sambamba na ule wa leza. Juu ya lenzi ya hadubini weka bamba la nusu wimbi, linalozungusha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, mwanga ulipitie kwenda na kurudi. Hapo ni kama unazungusha sampuli bila kuigusa. Bamba liwe linalofaa 800 na 400 kwa pamoja. Hapa usibane pesa. Kisha ongeza nguvu ya leza mara mbili: mwanga wa 400 usipoongezeka mara nne, unapima kitu kingine.

Sasa zungusha bamba kidogokidogo, ukikumbuka kwamba kila nyuzi 1 ya bamba ni nyuzi 2 za mtetemo wa mwanga. Chora vipimo kwenye duara: litatokea ua la petali sita, kila petali ikifuata mstari wa kiungo cha molibdeni na salfa. Pima penye tabaka la chini peke yake, kisha penye la juu peke yake. Tofauti ya petali ndiyo pembe.

Lakini petali hujirudia kila nyuzi 60, kwa hiyo 5 na 55 zinaweza kukuchanganya. Nenda yanapolaliana. Mawimbi ya matabaka mawili hujumlishana: nyuzi 5, mwanga ni karibu mara nne ya tabaka moja, nyuzi 30, mara mbili, nyuzi 55, giza karibu tupu.

Petali zikitoka hazilingani, geuza sampuli yenyewe upime tena. Petali kubwa ikihama na sampuli, tabaka limevutika. Ikibaki palepale, kagua vioo vyako.