Kurudisha Shingo ya Gitaa Iliyong'oka

Shingo ya gitaa inapoachana na boksi, wengi hukimbilia gundi, ilhali kazi inayoamua matokeo hufanyika kabla gundi haijafunguliwa. Gitaa moja la kwaya lililoletwa kwangu hapa Arusha baada ya kuanguka kutoka kwenye benchi lilikuwa limeshajazwa supa gluu na mtu aliyetaka kusaidia, na juu ya ulimi wa shingo, yaani kile kipande kinachozama ndani ya boksi, kulikuwa na ganda gumu linalong'aa kama kioo. Kulikwangua ganda hilo kulinichukua siku mbili, na kuunga shingo yenyewe kulichukua chini ya saa moja.

Anza kwa kulegeza nyuzi zote kidogo kidogo, kisha uzitoe, kwa kuwa nyuzi sita za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 au zaidi, na nguvu hiyo huendelea kuupanua ufa hata gitaa likiwa limelala. Hakikisha pia kwamba shingo haikufungwa kwa skrubu, kama ilivyo kwa magitaa mengi ya umeme, kwa sababu hiyo hukazwa tu na haihitaji gundi.

Ikiwa kiungo kimeachia nusu, usikivunje kwa mkono. Gundi ya ngozi, ile ya jadi inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, hulainika kwa joto na mvuke, kwa hiyo kisu chembamba kilichopashwa moto, kikiingizwa polepole, hukifungua bila kurarua mbao. Gundi nyeupe ya maseremala hulainishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, nayo supa gluu huyeyushwa kwa asetoni, ila asetoni hula rangi na vanishi, hivyo itumike kwa pamba ndogo ndani ya kiungo pekee. Kwangua kwa patasi kali hadi mbao yenyewe ionekane pande zote mbili, bila kupunguza umbo la ulimi.

Sasa ingiza shingo bila gundi, na hapa naomba usiwe na haraka. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, yaani vile vyuma vilivyokatiza shingo, katikati yake, uitelezeshe kuelekea kwenye daraja, kile kipande juu ya boksi ambako nyuzi hufungwa: ncha yake inapaswa kufika usawa wa juu wa daraja. Ikigonga chini ya hapo, nyuzi zitakaa juu mno na vidole vya mpigaji vitaumia, kwa hiyo punguza kwa msasa sehemu ya chini ya kisigino cha shingo, yaani pale shingo inaponenepa na kukutana na boksi, ile iliyo upande wa mgongo wa gitaa, huku ukiacha sehemu iliyo karibu na freti kama ilivyo. Vuta pia uzi mwembamba kila upande, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, uone kama umbali wake hadi ukingo wa shingo unalingana. Ulimi ukicheza ndani ya tundu lake, bandika kipande chembamba cha mbao, kwani gundi iliyochanganywa na unga wa mbao haina nguvu ya kujaza pengo hilo.

Paka gundi nyeupe kwa wembamba pande zote mbili, ingiza shingo, kisha zungushia vipande vya tyubu ya baiskeli kutoka kwenye kisigino hadi kwenye kitako cha gitaa, ukikaza mpaka gundi itokeze kidogo kote, na uifute kwa kitambaa chenye unyevu. Rudia kipimo cha rula mara moja, kwa kuwa gundi mbichi huteleza. Katika baridi ya Juni na Julai chini ya Mlima Meru, lifanyie kazi gitaa ndani ya nyumba na uliache humo, kwani gundi hii ikipata baridi kali kabla ya kukauka hugeuka kama chaki na kushindwa kushika.

Iache saa 24 bila kuigusa, kisha siku mbili zaidi bila nyuzi. Unapofunga nyuzi, ziweke sauti ya chini kwanza, ulilaze gitaa usiku mmoja, na asubuhi upitishe ukingo wa karatasi kwenye kiungo: ikiwa hauingii popote, kaza hadi sauti kamili.