Glasi tatu kwa mara moja: namna ninavyolinganisha konyaki

Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Dar, hata begi hajalifungua, aliuliza: "Shem, ipi ndiyo kali?" Naishi Cognac kwenyewe, mji mdogo wa magharibi mwa Ufaransa ulio kando ya mto Charente. Kazi yangu ni kuandaa chai ya asubuhi katika hoteli moja, lakini ndugu wanaopita hapa wote huniona kama mwenye funguo za ghala. Nikamjibu kwamba nyingi zina asilimia 40 ya kilevi, kwa hiyo kwa ukali hakuna mshindi. Aulize nyingine.

Jinsi ya kuuliza nilijifunza Marangu, Kilimanjaro, kabla sijajua kama konyaki ipo duniani. Bibi alikuwa anapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Akihisi msesewe, lile gome chungu, umezidi, hakuonja mtungi mmoja akatoa hukumu. Alichota kata ya mtungi huu na kata ya mtungi ule, ndizi zilezile, ulezi uleule, msesewe tu ndio tofauti, akaonja huku na huku. Nami nafanya hivyohivyo: glasi mbili au tatu mezani kwa pamoja, na kitu kimoja tu kinachobadilika. Ukibadilisha umri, udongo na kampuni kwa mpigo, utaishia kusema "hii tamu, hii siipendi", na hutajua kwa nini.

Kwanza tusafishe jina. Konyagi ya nyumbani Tanzania imelichukua jina hili, ila yenyewe ni kitu kingine kabisa, nyeupe kama maji. Brandi ya Afrika Kusini inatokana na zabibu na ipo nzuri sana, lakini nayo si konyaki. Konyaki ni brandi ya zabibu ambayo lazima itoke katika eneo hili, ambalo mipaka yake iliwekwa kisheria mwaka 1909. Basi kwenye chupa tafuta neno Cognac lenyewe. Picha ya Napoleon peke yake isikudanganye.

Anayejua gongo inavyopikwa ataelewa haraka. Wanachukua zabibu nyeupe, karibu zote za aina ya Ugni Blanc, wanapata divai nyepesi yenye uchachu ambayo mezani usingemaliza glasi. Wanaikeneka mara mbili kwenye mitambo ya shaba. Mvuke wa mwanzo unatengwa, wa mwisho unatengwa, unabaki moyo wenye kilevi cha kama asilimia 70. Kazi hiyo lazima ikome tarehe 31 Machi. Kuanzia hapo ni pipa la mwaloni na subira.

Sasa vyombo. Zile glasi kubwa za tumbo, ambazo watu wa kwenye sinema huzizungusha kiganjani, ziache. Kilevi kinapanda kwa wingi na kukupiga puani, huku harufu laini zikipotea. Tafuta glasi ndogo yenye tumbo kiasi na mdomo uliobana, kama ua la tulipu. Mimina vijiko vinne vya chai, basi. Usipashe moto. Usinywe umetoka kula pilipili au kitunguu saumu, na siku hiyo manukato yapumzike. Weka maji ya kunywa na mkate mkavu. Chupa ni ghali, kwa hiyo changishaneni watu wanne, au mtafute vichupa vya mililita 50. Na atakayewarudisha nyumbani asiwe miongoni mwa waonjaji.

Anza na umri, ndio rahisi kuuona. Chukua VS, VSOP na XO za kampuni moja. Herufi hizo, zinazoandikwa kwenye chupa kuonyesha umri, hazisemi wastani. Zinamtaja mdogo kuliko wote kati ya konyaki zilizochanganywa ndani ya chupa: miaka 2 kwa VS, 4 kwa VSOP, na 10 kwa XO tangu mwaka 2018, maana zamani XO ilikuwa 6. Mtu mwingine amimine, aandike namba chini ya glasi, wewe usijue ipi ni ipi.

Nusa kabla hujagusa mdomo. Kwanza weka pua juu ya glasi, mbali kidogo, halafu isogeze taratibu. VS inanuka zabibu mbichi, peasi, mara nyingine ganda la chungwa, na inawasha ulimini mapema. VSOP imeanza kulainika: vanila, mdalasini, utamu wa mbao. XO inakuja na zabibu kavu, karafuu, tumbaku, ngozi ya kiatu kipya. Zile zilizokaa miaka mingi zaidi hupata harufu ambayo wenyeji wanaiita rancio: uyoga, njugu za jozi, kabati la zamani lililofungwa. Nilipoinusa mara ya kwanza nilidhani imeharibika. Siku hizi ndiyo ninayoitafuta.

Kosa langu la mwanzo nakupa bure: nilianza na XO, kisha nikarudi kwa VS. VS ya watu ikaonekana petroli. Anza na kijana, malizia na mzee. Na ukiona imekuwasha sana, dondosha maji matone mawili, isubiri dakika tano, inuse tena. Wapo watakaokukemea kwa hilo. Waache wakemee.

Rangi je? Usiiamini. Sheria inaruhusu kuongeza karameli kidogo ili rangi zifanane chupa kwa chupa, kwa hiyo weusi si ushahidi wa uzee. Delamain, kampuni ya Jarnac, mji wa jirani, wana XO wanayoiita Pale & Dry, ya rangi ya nyasi kavu, na ladha yake inakaa mdomoni muda mrefu kuliko nyingi zilizo nyeusi tii.

Jioni nyingine, si ileile kwa sababu pua huchoka, linganisha udongo. Eneo limegawanywa sehemu sita, na mbili kati yake zinaitwa Grande Champagne na Petite Champagne. Shampeni, ile divai ya mapovu, haihusiki hata kidogo. Jina linatokana na neno la kale la nchi ya wazi, na udongo wake ni wa chokaa. Konyaki ya Grande Champagne ni nyembamba, yenye harufu ya maua, na inachelewa sana kukomaa. Borderies, ndogo kuliko zote, iko kaskazini ya mji wetu. Hiyo hunukia viola, kile kiua kidogo cha zambarau, na inalainika mapema. Fins Bois ndiyo yenye mashamba mengi zaidi ya mizabibu, ina matunda mengi, haikawii kuiva. Zilizobaki, Bons Bois na Bois Ordinaires, zinashuka hadi baharini na visiwani.

Ulinganisho ninaoupenda ni VSOP ya Borderies ya kampuni ya Camus pembeni ya VSOP ya Frapin, ambao hutumia Grande Champagne tupu. Fumba macho, uliza jambo moja tu: ipi inafika haraka, na ipi inaondoka polepole? Shemeji hakuwa na jina la viola kichwani. Alisema moja inamkumbusha sabuni ya mama yake, nyingine sanduku la nguo. Nikamwandikia hivyohivyo kwenye daftari. Maneno ya kwako yana faida kuliko ya kuazima, maana wiki ijayo utayakumbuka.

Mkono wa kampuni ndio mgumu zaidi, na hapa navunja kanuni yangu mwenyewe. Nachukua VSOP ya Martell na ya Rémy Martin. Martell huondoa machicha kwanza, wakakeneka divai iliyo safi. Rémy hukeneka na machicha yake. Matokeo yake Martell inateleza, imekauka na kunyooka, na Rémy ni nzito, kama uji uliokolezwa. Lakini Rémy hutumia zabibu za zile Champagne mbili tu, na Martell wanaipenda Borderies, kwa hiyo udongo nao umejipenyeza. Sijapata njia ya kuutenganisha kwa bei ninayoimudu.

Hata ghala lina neno. Katika ghala kavu maji ndiyo hutoroka zaidi kutoka kwenye pipa, konyaki inabaki na makali. Kwenye unyevu kilevi ndicho kinachokimbia, inalainika. Kinachopotea hewani kinaitwa fungu la malaika, na kuvu linalokula mvuke huo limepaka kuta za mji huu rangi nyeusi, ukuta wangu ukiwemo. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kupaka rangi upya.

Chupa zitakazobaki zisimamishe wima. Ukizilaza, kilevi kitaula kizibo. Zilizopungua chini ya nusu zinywe kwanza, hewa inazichosha. Na usidhani kila mtu hapa anafanya mambo haya: sehemu kubwa kabisa ya konyaki inauzwa nje ya Ufaransa, na jirani yangu wa chini, mzee wa hapahapa, kabla ya chakula hunywa pineau, maji ya zabibu yaliyochanganywa na konyaki, yenye barafu.

Glasi usizioshe usiku huo. Asubuhi, zikiwa zimekauka, zinuse tena kwa mpangilio uleule. Kilevi kimekwisha kuondoka, na kilichobaki ni harufu ya pipa, vanila kwenye moja, tumbaku kwenye nyingine. Siku ile nilitoka zamu ya hoteli nikamkuta shemeji jikoni amevaa shuka, pua ndani ya glasi namba tatu. Hakunisalimia. Alisema, "Ngoja kwanza, hii bado inaongea."